Mstari wa Juu

Siku ya nne sahani ya Bibi ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, wali umekauka juu, kijiko hakijaguswa. Mama Pasi aliifunika kwa sahani nyingine, akaisogeza kando, akarudi chumbani kwa mama mkwe wake akiwa bado na sare ya kazi mwilini. Jina la Mama Pasi alipewa na wenzake katika chumba cha kufulia cha hospitali, alikopiga pasi mashuka na sare za wauguzi kwa miaka kumi na moja, na jina lilimkaa vizuri, maana hata nyumbani alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Hili la Bibi tu ndilo lilikuwa halinyooki.

"Mama, vijiko viwili tu. Kwa ajili yangu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Tangu Jumatatu ni chai kavu tu."

Bibi alilala ameelekea ukutani. Upande wa pili wa ukuta huo kilikuwapo chumba kidogo alichofanyia kazi mwanawe. "Nimeshiba vituko vyenu," alisema. "Mmemfunga mtu mdomo, halafu mnaniletea wali."

"Tumemfunga nani?"

"Unamjua."

Kumjua alimjua. Katika nyumba ile alikuwapo mmoja tu wa kutajwa hivyo bila jina: mume wake yeye, mwana wa Bibi. Presha ilimwangusha kazini, na mwezi huu ulikuwa wa nane tangu wamzike.

"Mama," alisema, na uchovu wa siku nzima ukamtangulia mdomoni, "mwanao amekufa. Tulimzika. Ulikuwapo."

Aliyajutia maneno yale hata kabla hajayamaliza. Bibi hakugeuka wala hakulia. Alivuta shuka hadi begani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Aliniambia anakuja."

* * *

Ijumaa jioni akaja shemeji. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu, karani wa ghala la saruji, mtu wa kalamu mbili mfukoni na jibu moja kwa kila swali. Alivuta kiti alichokalia marehemu kwenye meza ya chakula akakikalia bila kuuliza, na Mama Pasi akajifanya hakuona.

"Mama si mzima, shemeji. Jumatatu nampeleka hospitali wampime akili. Akitoka huko atakaa kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne? Atashukaje? Na mchana atakaa na nani?"

"Na hapa anakaa na nani? Wewe uko kwenye mashuka, Chiriku yuko chuoni. Mgonjwa mnamwachia kuta nne. Watu wanasema, ujue."

"Wanasema nini?"

Shemeji alitazama kalamu zake. "Kwamba marehemu kaondoka, na mama yake anakufa njaa mikononi mwa mkamwana."

Mama Pasi alihisi uso ukiwaka moto kana kwamba amefungua mlango wa mashine ya mvuke. Alitaka kusema kwamba ni yeye aliyemwogesha mama huyo kwa miaka sita, si mtu wa kalamu mbili. Badala yake alikwenda kumwongezea chai.

Aliyesema ni binti yake. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kupumzika. "Baba mdogo, na ile kompyuta ya baba uliyoitengeneza Jumapili, mbona mstari wake haupo tena?"

"Mstari gani?"

"Ule wa juu."

Hapo inafaa msomaji aambiwe habari ya mashine hiyo. Marehemu alikuwa ameajiriwa na shule ya watoto wasioona, kuwasomea vitabu vya darasani kwa sauti na kuvirekodi. Kompyuta yake ilikuwa na mifumo miwili ndani ya sanduku moja, mmoja wa familia kwa filamu na kazi za shule, mwingine wake wa kurekodia. Ukiiwasha ilileta menyu yenye mistari miwili, na majina aliyaandika mwenyewe: juu MIMI, chini NYINYI. Kisha sekunde kumi zilihesabiwa kurudi nyuma, na usipochagua kitu, mashine ilijiingilia yenyewe kwenye mstari wa juu. Amri ya nyumba ilikuwa kubonyeza mshale wa chini upesi. "Kwangu hapaingiwi," alikuwa akisema huku anacheka, lakini hakuwa anatania, maana Chiriku akiwa mdogo aliwahi kumfutia sura nzima ya hisabati.

Alipokufa waliendelea kuitii. Hakuna aliyewaagiza waendelee na hakuna aliyewaambia waache. Asubuhi nyingi Mama Pasi aliiwasha mashine kabla ya kwenda kazini ili tu aone neno MIMI limeandikwa, akahesabu nayo tisa, nane, saba, na ilipofika tatu akabonyeza mshale, akaizima, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

"Mashine ilikuwa inajikokota," shemeji alisema. "Nimewawekea toleo jipya la mfumo wenu, sasa inakimbia. Badala ya asante nasikia mstari! Mstari wa nani? Mwenyewe hayupo."

"Vyake vimefutika?" Mama Pasi aliuliza.

"Vimefutika, havijafutika, ni yale yale."

Mama Pasi alikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Kwa miezi yote hiyo minane, akirudi kazini, alikuwa akikuta kiti cha chumba kidogo kimevutwa nje kama mtu ndiyo kwanza ameinuka. Mara mbili alikuta kikombe cha chai mezani, kimejaa na kimepoa. Na siku moja jirani alimuuliza kwenye kamba ya nguo, "Kumbe shemeji yako amehamia kwenu? Asubuhi nasikia mwanaume anaongea humo." Alicheka, akasema ni redio. Redio yao iliharibika zamani. Mambo kama hayo ukimweleza shemeji yule, Jumatatu wangepelekwa hospitali watu wawili.

Lililomtia hofu zaidi ni kwamba tangu Jumapili kiti hakikusogea tena. Na badala ya kufurahi, alijikuta kila jioni anakitazama akiwa na hamu ya kukikuta kimevutwa.

Shemeji alipoondoka, Mama Pasi alimwambia binti yake, "Kesho kamwite Bisibisi. Kama sauti ya baba yako bado imo humo, labda Bibi akiisikia atakula."

* * *

Bisibisi alikuwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo mwenye kibanda kando ya duka la madaftari, na jina lake lilitokana na bisibisi aliyoichomeka sikioni kama wengine wanavyochomeka kalamu. Alifika Jumamosi mchana. Shemeji naye alikuwapo, kaja kupima masanduku ya Bibi kama yataingia kwenye gari la rafiki yake.

"Nani ameigusa hii?" Bisibisi aliuliza.

"Mimi," shemeji alisema. "Niliiboresha."

"Umeiboresha sana." Alichomeka flashi yake, akaiwasha mashine, na maandishi meupe yakaanza kupanda kwenye skrini nyeusi. "Sikiliza, kaka. Mifumo miwili ikikaa nyumba moja, huwekwa bawabu mlangoni wa kuuliza mgeni unakwenda kwa nani. Toleo jipya lina choyo. Likiingia linamfukuza bawabu wa zamani na kuweka wake, na huyo anamjua bwana mmoja tu. Wa pili yuko chumbani kwake hana habari, ila hakuna anayempelekea mgeni."

"Kwa hiyo haujafutwa?" Mama Pasi aliuliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Usiniharakishe, mama. Ndiyo natazama."

Alitazama kwa muda mrefu. Chumba kilikuwa kidogo, nao walikuwa wanne, na pembeni kiti cha marehemu kilibaki kitupu kwa kuwa Bisibisi mwenyewe alikataa kukikalia, akasema mgongo wake unapenda kusimama. Mama Pasi alimpenda kwa hilo. Alijikuta anaomba moyoni, akiomba kitu ambacho hakukijua jina lake, kiwe sauti, kiwe maandishi, kiwe chochote.

"Umo," fundi alisema. "Haujapungua hata herufi. Namrudisha bawabu wenu sasa." Akaandika, akangoja, akaandika tena. Kisha akakunja uso. "Hebu. Si mmesema mwenyewe ana miezi minane tangu afariki?"

"Minane."

"Na hamuingii humu?"

"Hatuingii kabisa. Tulidhani kuna pasiwedi."

"Basi sielewi. Mfumo huu ukiwashwa huandika siku na saa. Mara ya mwisho ni Ijumaa ya wiki iliyopita, saa nne kasoro kumi asubuhi. Kabla yake Alhamisi, saa nne kasoro robo. Jumatano, saa nne. Jumanne." Aliendelea kupandisha orodha kwa kidole. "Kila siku ya kazi. Jumamosi na Jumapili hakuna. Miezi hiyo yote."

Wote wakainamia skrini wajisomee.

"Shemeji," karani alimuuliza Mama Pasi polepole, "ni wewe?"

"Saa nne mimi niko hospitali. Kaulize kitabu cha mahudhurio."

"Chiriku?"

"Niko darasani, baba mdogo."

Shemeji, mtu wa kupeleka wenzake kupimwa akili, alirudi nyuma hatua moja hadi akaugusa mlango, akabaki ameushika. Mama Pasi alikuwa ametulia kuliko alivyotarajia. Alifikiria kile kiti, kile kikombe, na mwanaume anayeongea asubuhi. Akasema kimoyomoyo, kumbe ulikuwapo, na sisi ndio tuliokufungia. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Mimi nafunga kazi kwanza, mizimu baadaye," Bisibisi alisema. "Majina niandike yapi?"

"Juu MIMI," Chiriku alijibu kwa sauti ndogo. "Chini NYINYI."

"Sekunde?"

"Zile zile kumi," Mama Pasi alisema.

Mashine ilizimwa, ikawashwa. Mistari miwili ikatokea kwenye weusi wake, na namba zikaanza kushuka. Ilipofika tatu kidole cha Mama Pasi kilisogea chenyewe kuelekea mshale, akakishika kwa mkono wa pili. Mbili. Moja. Skrini ikabadilika, ikalia mlio mfupi wa noti tatu ambao upande wa familia haukuwa nao, na hapo hapo ikawa imeingia.

"Hata haina kufuli," fundi alisema. "Mngesubiri tu."

* * *

Walisikia ndala kwenye ukumbi. Bibi, ambaye tangu aache kula hakuinuka kitandani bila kushikwa mikono yote miwili, alikuwa anakuja mwenyewe huku akipapasa ukuta, khanga imefungwa upande, macho yamezama kwa njaa.

"Tokeni hapo," alisema. "Amefika."

Shemeji alitaka kumshika. Bibi alimpita kama anavyopita kabati. Alikivuta kile kiti, akakaa, akatafuta kwa kiganja kitufe kirefu cha chini kwenye kibodi, akakibonyeza. Mkono wake haukusita hata kidogo.

Kumbe programu ya kurekodia ilijifungua yenyewe pale marehemu alipoachia, na mara chumba kikajaa sauti yake.

"Sayansi, kitabu cha nne. Sura ya saba. Mbegu. Ili mbegu iote inahitaji maji, hewa na joto la kiasi. Mbegu iliyofukiwa chini sana huchelewa kuchomoza, na pengine..."

Ilikuwa sauti ile ile ya kupanda na kushuka, ya mtu anayewasomea watoto asiowaona nao hawamwoni. Chiriku alimshika mama yake kiuno. Kisha ndani ya rekodi kikasikika kitu kikigongwa, mlango bila shaka, na kwa mbali sauti ya mwanamke mzee ikiita. Bibi aliyetoka kwenye spika na Bibi aliyekaa kwenye kiti wakaita pamoja:

"Mwanangu, njoo ule."

"Naam, Mama," marehemu alijibu. "Nipo humu, narekodi. Nakuja sasa hivi." Akacheka kidogo. "Kipande hiki nitakifuta baadaye."

Hakukifuta. Rekodi iliishia hapo.

"Haya baba," Bibi aliiambia skrini. "Usikawie, kinapoa."

Shemeji alichuchumaa mbele ya mama yake. Kalamu moja ilimdondoka mfukoni asiiokote. "Mama," alisema kwa upole wa kumwambia mtoto, "unajua kwamba kaka..."

"Kwamba kaka amefanya nini? Amekufa?" Bibi alimkazia macho. "Nilimzaa mimi. Na siku ile nilimfuta uso kwa mkono huu. Unadhani nimesahau hesabu ya watoto wangu?"

"Sasa mbona unasema anakuja?"

"Sikusema anakuja. Nilisema aliniambia anakuja. Si umesikia mwenyewe, au masikio umeyaacha ghalani?"

Bisibisi aligeukia dirishani kuficha tabasamu.

"Nilikuwa nafuta vumbi," Bibi aliendelea, sasa akimsemesha Mama Pasi peke yake. "Miezi hiyo. Nikagusa kitufe chenye taa, ikawaka. Mimi kusoma sijui, sikujua imeandikwa nini wala niguse wapi. Nikakaa nisubiri izime. Badala ya kuzima ikapiga kengele yake. Nikagusa hapa pakubwa niizime, akasema yeye. Tangu hapo, mkishaondoka, namletea chai yake, namwita aje kula, ananiitikia, halafu nakwenda nakula. Basi. Mama akiitikiwa na mwanawe mara moja kwa siku, chakula kinapita kooni. Jumatatu nimekuja, nimewasha, nimesubiri nimesimama. Wameniletea picha ya mlima. Nimebonyeza hapa pakubwa mpaka kidole kikauma. Mlima."

"Ungesema, Mama," Mama Pasi alilia. "Ungeniambia."

"Nilisema. Ukaniambia amekufa."

Hilo lilimchoma, na lilistahili kumchoma. Alipiga magoti kwenye sakafu ya chumba kile akaweka kichwa kwenye paja la mama mkwe wake, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya mazishi. Lakini kulikuwa na uchungu mwingine chini ya huo, na huo hakumwambia mtu. Miezi minane alisimama mbele ya mstari ule akihesabu, na kila mara alikimbia kwenye tatu. Mzee asiyejua herufi ndiye aliyepita, wao wenye kusoma wakazuiwa na neno moja.

"Nina njaa," Bibi alisema juu ya kichwa chake. "Ule wali bado upo?"

Alikula akiwa kwenye kiti kile kile, sahani imewekwa kando ya kibodi, na wote wakamtazama kijiko kwa kijiko hadi akawafukuza. Bisibisi alinakili rekodi kwenye flashi mbili, akasema diski imezeeka na vitu vya namna hii havilazwi kitanda kimoja. Alitaka kuiweka na kwenye simu ya Bibi, asikilize popote. Bibi alikataa. Simu ni ya kila mtu, alisema, na mwanawe alikuwa na chumba chake.

Shemeji aliondoka bila masanduku. Mlangoni aligeuka, akasema, "Shemeji, kuhusu yale ya watu," akashindwa kumalizia. "Nitapita Jumatatu asubuhi kumwona," alisema. "Nije saa ngapi?"

"Ukitaka kumkuta kaka yako, njoo saa nne," Mama Pasi alijibu, na hakujua mwenyewe kama ametania.

* * *

Jumatatu Mama Pasi alivaa sare, akaweka chai ya Bibi kwenye chupa, akaingia chumba kidogo. Aliwasha mashine. Mistari miwili ikatokea, ule wa juu ukiwa umeng'aa, na namba zikaanza kushuka. Alificha mikono yote miwili mgongoni kama mtoto wa shule.

Tatu ilipita. Mbili. Moja. Noti tatu zikalia, na ng'ambo ya ukuta kitanda cha Bibi kikalalamika kwa mtu anayeinuka. Mama Pasi aligusa kitufe kirefu, akasikiliza habari za mbegu tangu mwanzo: maji, hewa, joto la kiasi. Mlango ukagongwa, sauti ya mbali ikaita njoo ule. Hapo Mama Pasi naye akaita, kwa jina la chumbani ambalo hakulitamka tangu amzike.

"Nakuja sasa hivi," mumewe alisema.

Alifika kazini amechelewa dakika ishirini, mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Msimamizi alikuwa mlangoni na kitabu cha mahudhurio, akamuuliza kulikoni.

"Nilikuwa namsubiri mume wangu," Mama Pasi alisema, akatia sahihi, akaenda kuwasha pasi.